Mtoto umwache na nani: dada wa nyumbani, mama jirani, bibi au kituo?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua pacha. Siku 84 ni wiki 12 kamili, na kama uliianza likizo wiki tatu au nne kabla ya kujifungua, siku unayorudi kazini mtoto ana miezi miwili tu. Hajakaa, shingo ndiyo kwanza inakaza, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kwamba aendelee kupata maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Hapo ndipo swali linapokuja. Kwa sisi tunaoishi Dar es Salaam majibu huwa manne: dada wa kukaa nyumbani, mama jirani anayelea watoto kwake, bibi, au kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho wengi tunakiita deikea.

Nimepita njia zote nne kwa watoto wawili. Nilipoanza nilidhani kazi yangu ni kutafuta mtu mwema. Nilimpata. Alikuwa binti wa miaka 19, mpole, msafi, aliyedhaminiwa na shangazi yake ambaye ninamjua. Siku moja umeme ulikatika kazini, nikarudi saa nane mchana badala ya saa moja usiku. Geti limefungwa kwa ndani, na kutoka nje nilisikia vilio viwili. Mwanangu wa miezi saba alikuwa kwenye mkeka, amelia mpaka sauti imekauka, na dada amekaa kwenye kizingiti cha jiko analia naye. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Mtoto alikuwa na homa tangu asubuhi, dada aliamka saa kumi na moja alfajiri, alikuwa hajala, simu yake haina salio, na hakuna mtu mzima mwingine aliyekanyaga uani tangu mimi nilipotoka.

Kosa lilikuwa langu. Nilichagua mtu mzuri, kisha nikampangia kubaki peke yake na mtoto mchanga saa kumi na tatu kila siku. Wazee walishasema mkono mmoja haulei mwana, na mimi niliuacha mkono mmoja, tena wa binti ambaye ndiyo kwanza ametoka kwao. Tangu siku hiyo, nikilinganisha walezi, swali langu la kwanza limebadilika. Siulizi tena kama huyu ni mtu mzuri. Ninauliza: mimi nikiwa sipo, ni mtu mzima gani mwingine anayeona?

Jicho la pili

Tukiwaweka wote wanne kwa kipimo hicho, dada wa nyumbani ndiye anayeshika mkia, na hilo halitokani na tabia yake. Nyumba zetu nyingi za mjini zina ukuta na geti. Kinachotokea ndani, chema au kibaya, hakuna anayekiona, na dada akizidiwa hana wa kumpa mtoto walau dakika kumi akapumua. Ukikaa nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja na wapangaji watano, mambo ni tofauti kabisa: kuna mama anafua pale, kuna mwingine anapika, mtoto akilia sana mtu atauliza. Wengi tunahama nyumba hizo tukipata uwezo, na siku tunahama tunampoteza mlezi ambaye hatukuwahi kumlipa.

Mama jirani, yule anayelea watoto wanne au watano nyumbani kwake, ana jicho la pili kwa sababu uwanja wake uko wazi. Wateja wa vitumbua wanapita, majirani wanaingia. Lakini kwake lazima uulize swali la upande wa pili: nani mwingine anaingia humo ndani? Kuna kaka yake? Kuna mpangaji? Vijana wakubwa wakitoka shule wanakaa wapi, na watoto wanalala chumba gani? Usione haya kuuliza. Mama anayejua kazi yake atakujibu bila kununa, na mimi nilipomuuliza wa kwetu alinionyesha chumba, akanionyesha pazia, akaniambia mlango haufungwi mchana.

Kituo kina macho mengi zaidi, kikiwa na walezi wawili au zaidi katika chumba kimoja. Sisitiza hapo: katika chumba kimoja. Nimewahi kutembelea kituo chenye walezi sita kwenye orodha, lakini chumba cha wachanga kilikuwa na msichana mmoja na watoto tisa. Kwa kipimo, kanuni za Uingereza zinataka mlezi mmoja kwa kila watoto watatu ambao hawajatimiza miaka miwili. Hatuko Uingereza, ila mikono ya binadamu ni miwili kila mahali. Watoto tisa wakiamka pamoja, wanane wanasubiri.

Bibi ana jicho lake na jicho la ukoo mzima. Shida yake iko pengine, nitaifikia.

Uchovu

Sheria hiyo hiyo ya ajira inamhusu dada wa nyumbani kama inavyokuhusu wewe: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hesabu za dada wa nyumba nyingi unazijua. Anaamka kabla ya wote, anachemsha chai, anafagia uwanja, anafua, anapika, analea, na usiku analala na mtoto ili mama apumzike. Halafu tunashangaa mtoto ameanguka kitandani saa tisa mchana huku dada amesinzia.

Kwa hiyo ukichagua dada, chagua kimojawapo. Awe mlezi, na nguo zifuliwe na mtu wa kuja mara mbili kwa wiki, au awe mtu wa kazi za nyumbani na mtoto apelekwe kwingine mchana. Nyumba yetu iliponyooka ni pale tulipoacha kumtaka binti mmoja afanye yote mawili. Na apewe Jumapili yake, simu yenye salio, na namba tatu zilizoandikwa ukutani: yangu, ya baba mtoto, na ya jirani wa karibu kuliko wote.

Umri nao. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini kumlea mchanga kutwa nzima si kazi nyepesi, na anayeletewa binti wa miaka 15 kutoka kijijini anamwachia mtoto mtoto mwenzake. Mlete tu binti mtu mzima, mwenye kitambulisho cha NIDA au walau cheti cha kuzaliwa, na mpeleke serikali ya mtaa umwandikishe kama mkazi. Kumwandikisha kunamlinda yeye kama kunavyokulinda wewe. Mwajiri wa mwisho umpigie mwenyewe, usitosheke na maneno ya dalali, na swali moja linatosha: ungemrudisha kwako? Ukisikia mtu anasita, sikiliza huko kusita.

Foleni na maziwa

Tunasahau kulinganisha njia, na njia ndiyo inayovunja mipango mingi. Kituo kilicho jirani na nyumbani kinafunga saa kumi na moja au saa kumi na mbili. Ukitoka Posta saa kumi na moja kwenda Kibaha au Chanika, hutafika. Utamlipa mtu wa kumchukua mtoto, maana yake umeongeza mlezi wa pili ambaye hukumchagua kwa makini kama wa kwanza.

Lakini kuna upande ambao akina mama wengi hawaujui. Sheria ya ajira inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ukiwa na mtoto Kimara na kazi Posta, haki hiyo hubaki kwenye karatasi. Mtoto akiwa kwenye kituo kilicho mwendo wa dakika kumi kutoka kazini, unamnyonyesha mchana, na unakiona kituo katikati ya siku bila kupiga hodi ya kukagua. Kwa mtoto wa pili nilichagua hivyo. Mzigo ulikuwa kumpandisha mwendokasi alfajiri akiwa mgongoni, na sikusema ni rahisi. Ila alinyonya hadi miezi 16.

Ukimwacha nyumbani, maziwa utakamua. Ushauri wa kawaida ni kwamba maziwa yaliyokamuliwa yakae nje ya friji kwa saa nne tu, tena kwa joto lisilozidi nyuzi 25. Dar mchana joto huzidi hapo. Friji iwepo, au kikasha chenye barafu, na mlezi afundishwe kwa vitendo kwamba kilichobaki kwenye chupa hakirudishwi.

Bibi

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi miezi mitano. Hakuna mlezi mwingine aliyemwimbia mwanangu kama yeye, na hakuna kituo kinachoweza kumpa mtoto kile alichompa. Hata Kipare chake kidogo mtoto alikitoa kwa bibi. Kwa mapenzi, bibi anawazidi wote.

Ugumu ni kwamba bibi humwambii. Mlezi wa kulipwa unaweza kumwelekeza: mtoto wa miezi mitatu asipewe maji, alazwe chali, asipakwe kitu machoni. Bibi amelea wanane na wote wazima, utaanzia wapi? Kwetu alisaidia nesi wa kliniki. Nilimwomba mama mkwe anisindikize kwenye chanjo ya wiki ya 10, nesi akatoa maelezo yake kwa wote waliokaa kwenye benchi, na tuliporudi nyumbani hatukubishana tena kuhusu maji. Ugumu wa pili ni mwili. Mtoto wa miezi minne anabebeka. Mtoto wa miezi 15 anakimbia kuelekea ngazi, na magoti ya mtu wa miaka 68 hayafiki kwa wakati. Bibi akiwa na dada wa kumsaidia mbio, hapo una mpango bora kuliko yote niliyoitaja: mmoja ana nguvu, mwingine ana macho na busara. Bibi peke yake na mtoto anayetembea, sikushauri.

Siku ya kwenda kuona

Kituo na mama jirani unaweza kuwakagua kabla. Nenda mara mbili. Ya kwanza kwa miadi, ya pili bila kusema, kati ya saa sita na saa nane mchana, wakati walezi wamechoka na watoto wanalishwa au kulazwa. Asubuhi kila kituo ni kizuri.

Kituo kinatakiwa kuwa kimesajiliwa kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Omba kuona cheti, na angalia kama jina na mahali vilivyoandikwa ndivyo ulivyo navyo mbele yako. Usichanganye na usajili wa shule ya awali, ambao ni wa Wizara ya Elimu: shule inaweza kuwa na kibali cha kufundisha watoto wa miaka mitano na bado isiwe na chochote kinachohusu wachanga waliowekwa chumba cha nyuma. Ukiwa na shaka, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako inaweza kukuambia. Mama jirani mara nyingi hana cheti chochote. Kwake utasimamia macho yako, majirani, na mjumbe wa mtaa.

Ukiingia, macho yaende chini kwanza, usawa wa mtoto. Kuna ndoo ya maji isiyofunikwa? Mtoto anayejifunza kusimama anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji machache tu, tena kimya kimya. Jiko la mkaa liko wapi, na linawashwa ndani ya chumba kilichofungwa? Mafuta ya taa au dawa ya choo vimewekwa kwenye chupa za maji ya kunywa? Hiyo ya mwisho nimeikuta kwa mtu ninayemheshimu sana, nikamweleza, akaitoa palepale. Tundu la kisima, waya wa umeme, ngazi, geti linalofunguka kwa kusukumwa. Haya yanaua kuliko ukatili, na yanarekebishika kwa mchana mmoja.

Kisha angalia watoto wenyewe. Wakikuona mgeni wanakimbilia kwa mlezi, au wote wanakukimbilia wewe kutaka kubebwa? Wanaomkimbilia mlezi wamemzoea. Chumba cha watoto 15 kilicho kimya kabisa saa tano asubuhi kinanitia wasiwasi kuliko chenye kelele. Televisheni ikiwa imewashwa, uliza inawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Unasema pia mtoto asifungwe kwenye kiti au mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo.

Uliza kuhusu dawa, na uliza hivi: "Mtoto akikataa kulala mnafanyaje?" Kuna dawa za mafua zinazoleta usingizi, zinauzwa duka lolote la dawa, na mlezi aliyezidiwa anaweza kushawishika. Kanuni iwe moja: hakuna dawa yoyote inayotolewa bila mzazi kuandika au kupiga simu. Ukiona mtoto anarudi amelegea na kulala kupita kawaida siku kadhaa mfululizo, mpeleke hospitali na umweleze daktari shaka yako waziwazi.

Jambo la mwisho ni geti la jioni. Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto? Kituo kilichonipendeza kina daftari lenye picha za watu watatu kwa kila mtoto. Siku moja nilimtuma shemeji bila kutoa taarifa, akarudishwa. Alikasirika sana. Mimi nililala vizuri.

Maradhi na pesa, kwa ufupi

Mtoto wa kituo ataumwa zaidi mwaka wa kwanza: mafua, macho mekundu, kuhara, tetekuwanga. Hilo halikwepeki, linapunguzwa tu. Kituo kinachodai kadi ya kliniki kabla ya kumpokea mtoto, na kumrudisha nyumbani mwenye homa, kinawalinda wote. Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na miezi 18, kwa hiyo mtoto wa miezi mitano kwenye chumba cha watu wengi anategemea kinga ya wenzake. Hii ni sababu nyingine ya kutokimbilia kituo kikubwa mapema.

Kwa pesa, usilinganishe ada peke yake. Dada nilimlipa 120,000 kwa mwezi, lakini jumlisha chakula, sabuni, matibabu, nauli ya kwenda kwao mwisho wa mwaka. Mama jirani alichukua 3,000 kwa siku na uji nilipeleka mwenyewe. Kituo kilikuwa ghali kuliko wote kwa ada, lakini kilijumuisha chakula, na hakikuwahi kuniaga Desemba kikasema kinakwenda kusalimia kisha kisirudi. Kazi haikungoji utafute dada mpya.

Kwa umri, mimi ningefanya hivi

Kabla ya mwaka mmoja: bibi na dada pamoja kama inawezekana. Kama haiwezekani, mama jirani mwenye watoto wasiozidi watatu au wanne, au kituo kidogo karibu na kazini ili unyonyeshe. Dada peke yake nyuma ya geti ningemweka mwisho, na kama ndiyo njia pekee uliyonayo, basi tafuta jirani wa kuingia mara mbili kwa siku, umlipe, na dada aambiwe wazi kuwa ni msaada wake. Kamera watu wengi wanafunga. Inakuonyesha kilichotokea, haimpokei mtoto mikononi.

Mwaka mmoja hadi miwili na nusu ndicho kipindi kigumu, kwa sababu mtoto anakimbia lakini hasemi. Hapa mama jirani mwenye uwanja salama ndiye niliyemwona bora. Kuanzia miaka mitatu, kituo, bila kusita: anahitaji wenzake, na sasa anaweza kukusimulia. Ila kimbia kituo kinachojisifia kwamba wa miaka mitatu wanafanya mitihani.

Popote utakapomwacha, muogeshe mwenyewe jioni, kila siku, hata ukiwa umechoka. Ni dakika kumi za kuuona mwili wake wote. Ukiona jeraha lisiloelezeka, au maumivu sehemu za siri, au mtoto aliyekuwa mchangamfu ameanza kutetemeka akimwona mtu fulani, usianze na kikao cha familia. Mpeleke hospitali, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Na usisubiri siku ya 80 ya likizo. Chanjo ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 6, ukiwa kwenye benchi la kliniki, waulize akina mama wenye watoto wakubwa wa mtaa wako wanawaacha wapi na ni wapi waliwahi kuwatoa. Benchi lile hakuna anayekuuzia kitu. Wiki ya 10 uwe umeshakwenda kuona mara zote mbili, na mlezi aanze kumshika mtoto wewe ukiwepo. Wiki ya 14 huenda ukawa tayari kazini, na atakayempeleka kwenye sindano ni huyo uliyemchagua, akiwa na kadi mkononi.